Kona ya Sakafu Iliyonyamaza

Kila jioni Anagha alikunywa uji wa dawa ambao bibi yake hupika mwezi mzima wa Karkidakam, mwezi wa mvua na maradhi. Akishakunja uso na kuusifu kwa uongo, alifunga njuga zake kwenye kitambaa, akashika mwavuli na kukimbilia darasa la ngoma la Mwalimu Vasanthi.

Darasa lilikuwa katika nyumba kongwe ya ukoo uliokwisha kutawanyika. Ukumbi wake ulikuwa wa mbao, juu ya ghala la chini ambamo mababu waliweka mpunga. Mwalimu aliuchagua kwa ajili ya mbao hizo. Alipogonga kigogo kwa fimbo, mdundo ulisafiri sakafuni ukaingia katika nyayo za wasiosikia. Ndiyo maana Jisna, ambaye hakuwahi kusikia hata radi, alikanyaga pamoja na wenye masikio. Raziya alicheza kwa mikono, macho na shingo, akiwa juu ya kiti cha magurudumu. Alikuwapo hata karani mmoja mstaafu mwenye mguu wa bandia, na hakuna aliyemcheka, kwa kuwa hakuwahi kukosea mdundo.

Jioni moja Mwalimu alimtuma Anagha ghalani kuleta taa ya shaba. Huko chini kulinuka udongo na maji. Alipoinua tochi aliona njia za mchwa zikipanda ukutani na kutambaa juu ya boriti kuu iliyobeba kona ya mashariki ya ukumbi, kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Akaibonyeza boriti. Kidole kikazama kama kwenye muhogo uliooza.

Wazazi wote walijua kwamba mwenye nyumba alitafuta sababu ya kuibomoa. Sikukuu ya mavuno ya Onam ilikuwa inakaribia, na kwa mara ya kwanza Anagha alikuwa amechaguliwa kucheza mbele, yeye na Raziya. "Nikisema, darasa limekufa," aliwaza. Akachukua tambara, akalichovya mafuta ya taa, akafuta njia zote za mchwa mpaka boriti ikang'aa. Akapanda ngazi na taa yake akijiona ametibu ugonjwa, kumbe amefuta alama tu.

Mvua haikupumzika. Siku chache baadaye Jisna alianza kuchelewa. Kila wachezaji walipozunguka hadi kona ya mashariki, miguu yake ilisita kama ya mtu anayevuka mto gizani.

"Una nini?" Mwalimu alimuuliza kwa ishara.

Jisna alionyesha kona ile, akagusa nyayo, kisha akajibu kwa mikono: "Pale sakafu imenyamaza. Mdundo haufiki."

Binitha, msichana aliyeitamani nafasi ya Jisna mstari wa kati, alicheka. "Haya sasa! Asiyejua kucheza husema sakafu mbovu. Mwalimu, huyu amechoka tu, arudishwe nyuma."

"Nyamaza, Binitha," alisema Mwalimu. Lakini naye alikuwa na haraka ya Onam. Alikanyaga kona mara moja, akasikia mlio wa kawaida, akamrudisha Jisna mstari wa nyuma. Machozi yalimlengalenga Jisna. Alimtazama Anagha, rafiki yake, akingoja amtetee. Anagha akainama kufunga njuga ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

Tangu jioni hiyo Anagha aliuacha uji wa bibi kwenye bakuli. Alipokuwa darasani alisikia mbao zikilia, na asiposikia kitu aliogopa zaidi.

"We mtoto, umeona jini?" bibi alimuuliza.

"Hapana, Bibi. Nimechoka tu."

"Mtu aliyechoka hulala. Wewe unakodoa macho."

Ikafika siku ya mazoezi makubwa. Wazazi walikaa barazani, akiwamo baba yake Raziya, fundi seremala mpole aliyemtengenezea binti yake ubao wa kuwekea miguu kwenye kiti. Nje kulikuwa kumetanda wingu zito hata taa zikawashwa mapema. Mwalimu aligonga kigogo. Ngoma ilitaka Anagha akisukume kiti cha Raziya kwa kasi hadi kona ya mashariki, kisha akizungushe.

"Leo twende kwa nguvu!" Raziya alimnong'oneza akicheka. "Baba anatazama."

Anagha akaanza kusukuma. Kona ikawajia. Mbele yake aliona kidole chake kikizama tena kwenye boriti. Akashika magurudumu kwa mikono miwili, kiti kikasimama ghafla, Raziya akakaribia kuanguka.

"Umerukwa na akili?" Mwalimu akafoka. "Endelea!"

"Siwezi, Mwalimu. Boriti ya pale imeliwa. Niliona mchwa, nikafuta njia zao ili msijue. Jisna alisema kweli." Akamgeukia Jisna. "Niliogopa nyumba ivunjwe."

Baba yake Raziya aliinuka, akawaondoa watoto wote, akachukua mchi wa kutwangia mpunga uliokuwa barazani na kuubonyeza kwenye kona akiwa amenyoosha mikono. Ubao uliachia bila hata kulia. Mchi ukamponyoka, na baada ya kitambo kifupi wakasikia ukitumbukia katika maji yaliyojaa ghalani.

Fundi yule akamshika Raziya bega.

Mwalimu Vasanthi alikwenda kwa Jisna kwanza, akaunganisha viganja kifuani na kumwomba radhi mbele ya wote. Ndipo akamgeukia Anagha.

"Mbele huchezi mwaka huu," alisema. "Nafasi ile ni ya Jisna."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nyumba ilifungwa, na mwenye nyumba akaleta wabomoaji kabla mvua hazijaisha. Lakini baba yake Raziya na mafundi wenzake walinunua milango na mbao nzima zilizobaki, wakatengeneza jukwaa pana, la chini, katika uwanja wa shule. Anagha alikwenda kila siku kusugua mbao kwa msasa. Siku ya Onam Jisna alicheza mbele na Raziya, naye Anagha akacheza mstari wa nyuma.

Baada ya ngoma Mwalimu alimkuta akikunja mikeka.

"Ulidhani ukisema tutapoteza darasa," alimwambia. "Tazama, tumepoteza nyumba, darasa lipo. Darasa ni watu hawa. Ungenyamaza kwa dakika moja zaidi, tungepoteza nyumba vilevile na kumzika mtu. Mwanangu, hatari ukiiona iseme siku hiyohiyo, hata kama itakugharimu kitu unachokipenda. Na mwenzako akisema kweli, usimwache peke yake."