Tangi Jipya la Dobi

Wazazi wenzangu, hili nililiona kwa macho yangu, maana ukuta wangu na wao ni mmoja. Atakayeguswa asinune, nimekusudia aguswe.

Jirani yangu alikuwa dobi, na mumewe kinyozi. Asubuhi za mapumziko ungewakuta uani: mama anafua mashuka ya nyumba za wageni, baba anapiga pasi huku akiimba ovyo, binti yao wa pekee anaanika. Nyumba ilikula kwa mikono ya yule mama, na kinyozi hakuona haya kukiri. "Watu siku hizi wananyoana wenyewe kwa wenyewe," alikuwa akisema. "Mashuka ndiyo yanatulisha." Walikuwa watu wa kucheka, nami upande wa pili wa ukuta nilicheka nao bila kualikwa.

Binti tulimwita Kikokotoo, ingawa jina hilo hakuanza nalo. Alipoingia sekondari hesabu zilimpa taabu kwa sababu alikuwa na maswali mengi. Mwalimu wa shuleni aliyapenda maswali yake. Alikuwa akiwatoa wanafunzi nje wakapime kivuli cha mlingoti, wakajaze ndoo na kuona maji yanaishia wapi. Baba aliposikia alifura. "Nimempeleka kusoma au kucheza na ndoo?" Akamtafutia mwalimu wa tuisheni, bwana mmoja wa suti na sauti kubwa, aliyewaimbisha watoto kanuni kama kwaya. Ujazo ni urefu mara upana mara kimo! Siku ya kwanza binti akauliza kwa nini. Akajibiwa, "Hiyo 'kwa nini' haiji kwenye mtihani."

Baba alilipenda jibu hilo mno, akawa anawasimulia wateja huku wembe uko shingoni mwao. Msichana naye akaacha kuuliza. Mtihani wa mwisho akapata alama ya juu kabisa ya hesabu, mtaa ukambatiza Kikokotoo, akaitwa chuo kusomea uhandisi. Baba alivimba kichwa, na mimi nilipiga vigelegele, kwa nini nisipige? Mtoto wa jirani akifaulu, mtaa umefaulu.

Wakati huohuo kazi ya mama ilikua. Maji ya bomba yalikuja kwa zamu, na tangi lao la chuma, mita moja kila upande, lilikuwa halitoshi tena. Wakamwita fundi wa kuchomelea awatengenezee lingine, mita mbili kila upande.

"Na stendi niifanye ya kubeba uzito gani?" fundi akauliza.

Kinyozi akacheka. "Unauliza uzito kwenye nyumba hii? Kikokotoo, njoo!"

Binti alikuja akijifuta povu mikononi. "Tangi la sasa likijaa ni tani moja ya maji," alisema. "Hili ni mara mbili. Kwa hiyo tani mbili."

"Una hakika, mwanangu?" mama akauliza.

"Ah, mama watoto! Mhandisi anaulizwa kama ana hakika?" baba akadakia. "Fundi, weka ya tani tatu, tusije tukaitwa mabahili."

Fundi alikuwa amezoea mageti na madirisha. Stendi ya tangi kubwa hivyo hakuwahi kuijenga. Akainua mabega. "Aliyesoma ni yeye," akasema, akaenda kukata vyuma.

Maji yalipotoka tulisimama uani kuyasikiliza yakinguruma ndani ya tangi jipya. Tulipochoka kushangaa, kila mtu akarudi kwake. Mama akavuta beseni lake kwenye kivuli, chini ya stendi, akaanza kufua. Tangi lilikuwa limevuka nusu kidogo tu nguzo moja ilipopinda. Nilisikia chuma kinalia, kikafuata kishindo, halafu maji yakapita chini ya mlango wangu na mashuka ya watu ndani yake.

Tulimtoa akiwa hai. Mguu wa kulia ulikuwa umesagika, na madaktari waliukata chini ya goti.

Mama akiwa bado hospitalini, niliingia kwao nikamkuta Kikokotoo amechuchumaa jikoni na mche wa sabuni. Alikuwa ameukata vipande vya mchemraba vilivyo sawa. Kimoja alikiweka peke yake. Vingine alivipanga viwili kwa urefu, viwili kwa upana, kisha tabaka lingine juu yake.

"Shangazi, hebu hesabu."

Nikahesabu. Vilikuwa vinane.

"Si viwili," alisema. "Zilikuwa tani nane. Na kanuni ninayo, shangazi! Swali kama hili lilikuja kwenye mtihani nikalipata. Sikujua kumbe ndilo hili." Akalia, na mimi nikalia naye.

Baba alikwenda kwa mwalimu wa tuisheni. Nilimfuata kwa kuogopa asije akapigana.

"Ulimfundisha nini mwanangu?" alimuuliza mlangoni.

Yule bwana hakukasirika. "Mzee, kumbuka ulikuja na ombi gani. Hukuniambia nimwelimishe. Uliniambia nimfaulishe, nami nikamfaulisha."

Kinyozi akageuka kuondoka. Nilimshika mkono tukarudi. Chuo binti ameahirisha. Mashuka machache yaliyobaki anafua yeye, na mama amekaa kitini akimwelekeza.

FUNZO

Hesabu za sekondari si nyimbo za kukariri. Mtoto atoke shuleni akijua kanuni inazungumzia kitu gani, aweze kukadiria kabla ya kukokotoa, na alitilie shaka jibu lake kabla mtu hajakaa chini yake. Kanuni akiisahau ataikuta kitabuni. Kuelewa hakukutwi popote, kunajengwa polepole, kwa maswali na kwa kukosea kungali mapema. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Kwa hiyo mwanao akiuliza kwa nini, usimzibe mdomo, na mwalimu anayempeleka nje kupima usimwite mcheza. Sisi wazazi ndio tunaotaka alama tu, na walimu wa alama tunawapata. Binti wa jirani yangu alama yake ya juu anayo hadi leo. Mama yake mguu hana.