Mkate wa Asubuhi ya Upasuaji

Enzi zile Chiriku alikuwa na miaka kumi, na kila asubuhi nyumbani kwa bibi ilianza vivyo hivyo: redio ikikoroma, jiko likifuka moshi, bibi akimwita aje anywe chai kabla haijapoa. Jina hilo alipewa na bibi huyohuyo, kwa sababu ya domo lake lisilopumzika. Ah, zilikuwa asubuhi tamu zile!

Basi siku moja wakaamkia wodini. Chiriku alitakiwa kupasuliwa ngiri, na domo lote lilimwisha. Kaka yake alikuwa amemtisha kwamba wengine wakipigwa nusu kaputi hawaamki. Muuguzi alikataza asile chochote, lakini alipogeuka tu, bibi akamtilia mjukuu mkate mkononi.

"Kula upesi. Usimwambie mtu."

Mara akaingia daktari wa usingizi. Aliketi kitandani bila haraka, akampa Chiriku barakoa ya kuvutia hewa ya dawa ya usingizi aishike, ainuse, hata amvalishe bibi. Chiriku akacheka.

"Sindano itauma?"

"Itauma kidogo. Sikudanganyi."

"Na nitaamka?"

"Nitakaa kichwani pako muda wote, na nitakuamsha mwenyewe. Haya, nimekujibu kweli. Na wewe nijibu kweli: umekula chochote leo?"

Bibi akakohoa. Chiriku akamtupia jicho. Akisema, bibi yake ataaibika mbele ya watu. Lakini daktari huyu hakumficha kitu!

"Nimekula mkate," akasema huku machozi yakimlengalenga. "Nisamehe, bibi."

"Masikini mimi! Kosa ni langu, daktari. Nilimwonea huruma."

Daktari hakufoka. Alieleza kwamba aliyelazwa usingizi kwa dawa anaweza kutapika, chakula kikamwingia mapafuni, na hapo maisha yakawa hatarini. Upasuaji ukaahirishwa. Kesho yake Chiriku alisinzia ameshika kidole cha daktari. Alipofumbua macho, daktari alikuwa palepale.

Sasa Chiriku ana watoto wake, na bibi hayupo tena. Angetoa chochote amsikie kama jioni ile baada ya upasuaji, alipokuwa akimpangusa jasho la usoni:

"Mjukuu wangu, ukweli wako ndio uliokuponya. Mtu mzima akikuomba ufiche jambo linalohusu mwili wako, hata kama ni mimi niliyemzaa mama yako, nenda ukaseme."