Maporomoko Ambayo Mwalimu Hakuwahi Kuyaona

"Mbona umekanyaga breki?"

"Nimekanyaga kwa sababu ungetuua."

"Nani? Barabara nyeupe, hata kuku hayupo."

"Dereva wangu, sikiliza. Macho yako yalikuwa mbele, lakini moyo wako haukuwa barabarani."

Ndivyo alivyokuwa anaongea yule bwana. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha kwenye shule ya udereva, na gari lake lilikuwa na breki ya pili upande wa abiria, ya kukanyaga yeye mwenyewe. Walimu wengine huikanyaga mwanafunzi anapoelekea ukutani. Huyu aliikanyaga kila alipotaka kuonekana mwanaume. Na mimi nilimpenda hivyo hivyo, na mashati yake yaliyopigwa pasi mpaka kola, na kile kidole alichokiinua juu kila alipotaka kusema jambo la maana.

Alikiinua.

"Jumamosi tunaondoka asubuhi. Tunashika barabara ya mashamba, tunavuka daraja la chuma, halafu msitu unaanza. Mandhari yake, we acha tu! Wewe ndiye utakayeendesha. Ukifika kwenye maporomoko bila mimi kugusa breki, palepale, maji yakimwagika nyuma yako, nakuvisha pete."

"Safari iliyopita tuliishia darajani ukasema tugeuze."

"Ulikuwa hujaiva."

"Na ile ya kabla yake?"

"Ulishika usukani kama mtu anayekamua nguo."

"Na mtihani wa leseni? Wenzangu niliojiandikisha nao wanaendesha magari yao sasa."

"Usiniharakishe. Kwanza maporomoko, halafu pete, halafu leseni. Mambo yana mpangilio."

Huyo ndiye mchumba wangu. Mambo yake yote yalikuwa na mpangilio, na katika kila mpangilio yeye alikaa juu.

Nyumbani nilimkuta Shangazi amekaa kitandani kwangu, anakunja makoti ya mvua aliyokwenda kutuazimia kwa jirani. Yeye ndiye aliyenilea, na hajawahi kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Safari hii atafika, au atageuza tena?"

"Atafika, Shangazi."

"Maana baba zako wadogo nimeshawaambia waje Jumapili ya wiki ijayo kumpokea mgeni. Wameomba ruhusa makazini kwao. Huyo bwana asipokuvisha hiyo pete, mimi nitawaeleza nini? Kwamba breki ilikwama?"

"Shangazi, jamani! Ananipenda."

"Sijasema hakupendi. Nimeuliza kama atafika."

Simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwake. Nikaufungua kwa sauti kubwa makusudi, ili Shangazi asikie mwenyewe.

"Dereva wangu. Nimekaa hapa nawaza safari yetu. Nakuona umesimama juu ya mawe, maji yanakurushia manyunyu usoni, na mimi nakufuta kwa kitambaa changu. Njoo na sweta, msituni kuna baridi. Ila hata ukisahau sweta, mimi nipo."

Nikamtazama Shangazi kwa ushindi.

"Umesikia?"

"Sauti anayo," akasema, akaendelea kukunja makoti.

Mimi kazi yangu ni mapokezi kwenye kliniki ya meno. Kutwa nzima nasikiliza watu wakiapa kwamba wanapiga mswaki asubuhi na jioni, huku midomo yao ikitoa ushahidi mwingine. Uongo naujua kwa harufu. Wa Mwalimu tu ndio uliokuwa unanipita puani kila siku.

Ijumaa ile alikuja mfamasia wa duka la ng'ambo ya barabara kuziba jino. Dada mmoja mpole, ana miwani, salamu yake haikosi tabasamu. Alipotoka kwa daktari upande mmoja wa uso wake ulikuwa na ganzi, akaketi kwenye kiti karibu na meza yangu asubiri imwishe. Akatoa simu, akabonyeza, na ukumbi wote ukasikia.

"Dereva wangu. Nimekaa hapa nawaza safari yetu. Nakuona umesimama juu ya mawe..."

Kalamu ilinidondoka mkononi. Mfamasia alihangaika kupunguza sauti, akabonyeza huku na huku, na sauti ya bwana wangu ikazidi kupanda.

"...na mimi nakufuta kwa kitambaa changu. Njoo na sweta, msituni kuna baridi."

"Ila hata ukisahau sweta, mimi nipo," nikasema.

"Ila hata ukisahau sweta, mimi nipo," simu ikasema baada yangu.

Mfamasia akainua uso. Maneno yalimtoka polepole, yamelegea upande mmoja kwa ganzi, lakini yalieleweka vizuri sana.

"Umejuaje?"

Nikatoa simu yangu, nikaisogeza karibu na yake, nikabonyeza. Mgonjwa mmoja aliyekuwa ameshika shavu akaacha kuugulia ili asikie vizuri. Neno kwa neno, na pumzi alivuta palepale. Alirekodi mara moja akatugawia wote, kama matangazo ya mnada.

"Anakupeleka lini?" nikamuuliza.

"Jumapili. Wewe?"

"Jumamosi."

"Na pete?"

"Nikifika bila yeye kugusa breki."

Akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Umewahi kufika?"

"Tunageuzia kwenye daraja la chuma."

"Na mimi kwenye daraja. Aliniambia nashika usukani kama mtu anayekamua nguo."

Hapo nikaenda chooni nikafunga mlango, nikalia. Niliumia, sitajifanya jasiri. Nilikuwa nimeshajiona mke wa mtu. Nilimwaza Shangazi na makoti yake ya kuazima, nikawaza baba zangu wadogo watakavyokaa sebuleni na nguo zao nzuri wakitazama mlango usiogongwa. Mwanaume akuache kwa kumpenda mwingine, utalia lakini utaelewa. Huyu hakunitunzia hata sentensi moja ya peke yangu! Alikuwa anapenda kama anavyofundisha kona, somo lilelile kwa kila anayekaa kwenye kile kiti.

Nikanawa uso, nikarudi mapokezi.

"Kesho una nafasi?"

"Siku yangu ni Jumapili," mfamasia akasema.

"Imesogezwa."

Jumamosi asubuhi meseji yake iliingia mapema.

"Dereva wangu, nipo nje. Umependeza hata kabla sijakuona."

"Nakuja," nikajibu.

Alikuwa amevaa miwani ya jua na kofia mpya. Alinifungulia mlango wa dereva kwa madaha, akazunguka akaketi kwenye kiti chake chenye breki. Nikawasha gari. Nilipofika mbele ya duka la dawa nikasimama.

"Hapa unafuata nini?"

"Sweta," nikasema.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, mfamasia akaingia. Sweta alikuwa amelivaa.

"Habari za asubuhi, Mwalimu."

Nimewahi kuona watu wakiambiwa jino linang'olewa bila ganzi. Hata wao huwa na rangi nzuri kuliko ile.

"Huyu... huyu ni..."

"Dereva wako," nikamsaidia, nikaondoa gari.

"Ndiyo! Ni mwanafunzi mwenzako. Nilitaka kuwashtukiza. Leo ni somo la pamoja."

"Na ule ujumbe wa sauti?" mfamasia akauliza kutoka nyuma.

"Ule ni ujumbe wa ofisi."

"Wa kitambaa na manyunyu?"

"Ni namna ya kumtoa mwanafunzi hofu. Kitaalamu."

Mfamasia akacheka. Mimi sikuweza. Nilitamani angalau adanganye vizuri, nipate kusema nilidanganywa na fundi. Uongo wenyewe hata mtoto wa chekechea angeurudisha ukaandikwe upya.

Mashamba yakapita kushoto na kulia. Daraja la chuma likatokea, na mguu wake ukaanza kucheza. Tulipokaribia akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari likazima.

"Hapa tunageuza," akasema.

"Kwa nini?"

"Kuna mvua huko mbele."

"Jua linawaka, Mwalimu."

"Mawazo yenu hayajatulia. Barabara ya msituni inataka utulivu. Mimi ninaijua, nimepita mara nyingi."

"Ukivuka daraja, maporomoko yako mkono gani?" mfamasia akamuuliza.

Akarekebisha kofia yake.

"Mwalimu, mkono gani?"

"Wa... kulia. Au kushoto, inategemea."

"Inategemea nini?" nikafoka. "Maporomoko yanahama?"

Akavua miwani ya jua. Macho yake yalikuwa madogo kuliko nilivyozoea.

"Sijawahi kuvuka," akasema. "Huko ni milima, kuna makorongo. Mimi nikiona bonde kichwa kinazunguka. Mimi nafundisha mjini."

Nilimtazama yule bwana. Usiku mwingine nilikuwa silali, najilaumu kwamba mikono yangu mizito, kwamba klachi naiachia vibaya, kwamba sijaiva. Kumbe nilikuwa nimeiva zamani, na yeye ndiye aliyekuwa anaogopa kilima.

"Kwa hiyo hiyo pete ulikuwa nayo kweli?"

"Ninayo." Akapapasa mfuko. "Nakupenda wewe. Kweli tena."

"Wewe yupi?" mfamasia akauliza.

Akautoa mkono mfukoni, mtupu.

"Vua viatu," nikamwambia.

"Nini?"

"Vua viatu, kunja miguu juu ya kiti. Leo hugusi breki."

"Nitawafukuza shule!"

"Tufukuze. Tutamweleza mwenye shule kwa nini, na tutamsikilizisha ule ujumbe wa ofisi."

Akavua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Akakunja miguu kitini, mkanda umembana tumboni, kofia imemteremkia kisogoni. Nikawasha gari, nikavuka daraja.

Barabara ya msituni ilikuwa ya udongo mwekundu, nyembamba, na miti imekutana juu. Kweli ilikuwa na kona na makorongo. Nilishuka gia, nikapanda gia, mikono imeloa jasho. Kando yangu Mwalimu alifumba macho.

"Punguza! Punguza, nakuomba!"

"Napunguza pakihitajika."

"Honi! Piga honi kwenye kona!"

"Nimepiga. Fumbua macho uone."

"Siwezi!"

"Mpe mfuko," nikamwambia mfamasia, na Mwalimu hakuchelewa kuutumia. Alitapika kimyakimya, kwa adabu. Hilo nitampa.

Tulisikia maporomoko kabla ya kuyaona. Nilipozima gari, vioo vilikuwa vimejaa manyunyu. Maji yalishuka kutoka juu kabisa ya msitu, meupe, yanagonga mawe na kuruka tena. Nikashuka nikasimama, uso umelowa. Mfamasia akaja akasimama karibu nami.

Yule bwana alikuja nyuma yetu pekupeku, anakanyaga mawe kwa kuchechemea. Akapiga goti kwenye tope. Akatoa pete, akanitazama mimi, akamtazama mfamasia, akanirudia mimi.

"Usinitazame mimi," mfamasia akamwambia. "Mimi nimekaa nyuma."

"Umefika bila breki," akaniambia. Sauti nzuri ile ilikuwa imemkauka. "Ahadi ni ahadi. Nioe... yaani, nikuoe?"

Siku ile niliyokuwa naisubiri ilikuwa imefika, na kila kitu kilikuwepo: mawe, manyunyu, pete, goti. Nilitafuta ndani yangu walau chembe ya yale mapenzi, nikakuta kinyaa tu, kama cha mtu aliyefungua chungu akakuta chakula kilicholala siku nyingi.

"Hapana. Sikutaki."

"Fikiria kwanza. Umekasirika."

"Nilikasirika jana. Leo nakudharau tu. Inuka, unalowa."

Simu ikaita. Ilikuwa Shangazi. Nilisogea pembeni ya maji ili nimsikie.

"Mwanangu, mmegeuza?"

"Tumefika, Shangazi."

"Mmefika!" Nikamsikia akipiga makofi. "Amekuvisha?"

"Ametaka kunivisha. Nimekataa."

Nikasikia kiti kikilia, nikajua amekaa chini.

"Amekufanya nini?"

"Kuna mwenzangu hapa, alimwahidi pete ileile kwa maneno yaleyale. Nitakueleza nikirudi. Baba zangu wadogo waambie wasije, Shangazi. Waambie kosa ni langu kama itabidi."

"Kosa lako la nini? Nitawaambia mgeni mwenyewe hakuwa mtu wa kupokelewa." Akavuta pumzi. "Unalia?"

"Kidogo."

"Lia basi, maji yapo ya kukuosha. Na sasa mtarudije? Huyo mtu anaweza kuwaendesha na hasira zake?"

Niligeuka kutazama. Mwalimu alikuwa amerudi garini, amekaa kwenye kiti chake, amefumba macho, anasubiri kupelekwa nyumbani.

"Huyo hajui njia," nikasema. "Tutamrudisha sisi."