Kivuli cha Mwaloni Uliosagwa

Radisav alizima injini, akateremka kwenye ekskaveta, ndipo akakiona kivuli. Mti wenyewe alikuwa ameshausaga. Mashine ile ya kufyekea, inayofungwa mkononi mwa ekskaveta badala ya ndoo, haibakizi kitu: mwaloni ulikuwa chenga tupu, na kisiki chake kimesagwa mpaka ndani ya udongo. Lakini kivuli kilikuwa palepale, kipana, na majani yakitikisika ndani yake. Harufu ya damu mbichi ikampanda puani.

“Umeukata mti wa jini,” Bibi Stamena, jirani wa shamba lile, alinong’ona. “Babu zako waliuzunguka kwa plau.”

“Miiba ilikuwa imeumeza, bibi. Nilijua ni kichaka.”

“Na mdomo wa kuuliza huna?”

Maskini Radisav. Huku kwetu milimani Homolje dawa yake tunaijua sote: aliyeukata haponi, ila achinje kuku juu ya kisiki kilekile, kwa shoka lilelile. Mkewe, Desanka, alikuja mbio na kuku mweusi kwapani.

“Shoka liko wapi?” akauliza.

Radisav akaonyesha rola lenye meno mkononi mwa ekskaveta.

“Na kisiki?”

Akaonyesha chenga chini.

Wakamfunga kuku miguu, wakamlaza juu ya chenga. Radisav akawasha injini, meno yakaanza kuzunguka, akaushusha mkono taratibu, na ulipobaki upana wa kiganja tu meno yakasimama yenyewe, injini ingali inanguruma, na ndani ya mngurumo ule wote watatu wakasikia majani ya mwaloni yakichakarika, kisha pumzi ndefu, nzito, ya mtu aliyeamshwa usingizini. Kamba ikafunguka. Kuku akajikung’uta, akaenda zake.

Kivuli kikamfuata Radisav nyumbani.

Leo ni siku ya tisa. Ni Julai, jua linachoma, naye amekaa uani na makoti mawili, anatetemeka.

“Desa, nisogeze juani.”

Desanka anakivuta kiti, kwa mara ya kumi tangu asubuhi.

“Tayari?”

“Tayari, mume wangu. Uko juani.”

Anamdanganya, afanyeje? Chini ya kiti majani yanatikisika. Anatafuta kivuli cha mumewe katikati yake, cha kichwa tu, hata cha mkono. Kiti kina kivuli. Makoti yana kivuli. Radisav hana.