Kiti cha Daktari Fane

Saa nne asubuhi

Enoch Raistrick aliifunika sahani juu chini mezani, akaigonga kwa kisu.

"Hili ni jukwaa la daktari. Chini yake kuna sanduku la chuma, limefungwa mnyororo kwenye gari. Mauzo ya wiki nzima yamo humo. Halina mlinzi. Na wa nini? Mchana kutwa daktari mwenyewe amesimama juu yake."

Chumba cha nyuma cha duka la utumbo wa ng'ombe kilinuka siki. Walikuwa wanne. Enoch, bosi, mwenye sauti laini na viganja visivyojua sugu. Dob Sugden, mvunja makufuli. Annis, dada yake Dob, aliyejikunyata karibu na moto akikoholea leso. Vumbi la kiwanda cha sufu lilikuwa limemwingia kifuani tangu utoto. Na Wilf Ackroyd, mume wa Annis, fundi mapipa aliyekosa kazi. Wilf hakuwa amewahi kuiba hata kiazi.

"Tatizo ni kelele," Dob alisema. "Kufuli lile halivunjiki bila nyundo. Bradford nzima itasikia."

"Haitasikia." Enoch alitabasamu. "Daktari Fane anang'oa meno bure kabla ya kuuza dawa. Akiinua koleo tu, bendi yake inapiga ngoma na tarumbeta ili watu wasimsikie mgonjwa akilia. Jino likitoka, kimya. Wewe piga nyundo ndani ya ngoma."

"Jino moja halitoshi."

"Ndiyo maana nataka mdomo mmoja wenye subira. Wale wengine wakiona damu wanatimua mbio." Akamgeukia Wilf. "Hebu achama, mwanangu."

Wilf akaachama. Enoch akamchungulia kama mnunuzi wa farasi.

"Mungu hakunyimi vyote. Mawili yameoza. Yatatosha."

"Na yasipotosha?"

"Yatatosha."

"Si ukae wewe, bosi?" Dob alisema, macho yake yakiwa mezani. "Una meno mazuri."

Enoch akakata kipande cha utumbo, akakitafuna taratibu mpaka kikaisha.

"Ninayo," akasema. "Kwa sababu huwa nakaa mbali na koleo. Swali jingine?"

"Mimi nina ombi," Wilf alisema. Masikio yalimwiva kwa aibu. "Fedha mtanipa mtakavyoona. Lakini nataka kasha la chupa. Ile dawa ya daktari, Maji ya Nyika, kwa kifua cha Annis. Gazetini kuna mama mmoja wa York, madaktari watatu walishamkatia tamaa. Alikunywa chupa sita. Sasa anapanda kilima bila fimbo."

Chupa moja ilikuwa na bei ya mkate wa wiki nzima. Annis aliacha kukohoa ili asikie jibu.

Enoch alicheka mpaka akafuta machozi. "Dob, umemsikia shemeji yako? Jambazi anayeamini tangazo!"

Dob hakucheka.

"Basi chukua makasha mawili," Enoch alisema. "Na uje na nyundo yako, fundi. Ya Dob imepasuka mpini. Sasa sikiliza. Annis atasimama nami mbele ya jukwaa na mwavuli. Dob akimaliza, nitamwambia Annis afungue. Usiinuke kitini kabla ya mwavuli. Ukiinuka mapema, ngoma itanyamaza, na shemeji yako atadakwa na nyundo mkononi. Atapasua mawe gerezani mpaka mvi zimwote."

Wilf alimtazama Dob. Walikuwa wameoga mto mmoja tangu utoto.

"Sitainuka," akasema.

Saa nane mchana

Gari la daktari lilimeremeta rangi ya dhahabu katikati ya uwanja wa gulio. Turubai jekundu lilining'inia kutoka jukwaani mpaka chini. Nyuma ya turubai hilo, Dob alikuwa tayari amelala kifudifudi.

Daktari Fane alivaa manyoya ya tai kichwani. Alidai amefunzwa tiba na wazee wa nyika za Amerika. Alipomkaripia mpiga ngoma, lafudhi yake ilikuwa ya Leeds, mji wa jirani tu.

"Kikohozi! Baridi yabisi! Minyoo! Huzuni ya wajane!" alinguruma. "Chupa moja unainuka kitandani. Tatu unacheza dansi. Lakini kwanza nani ana jino linalomnyima usingizi?"

Wilf alipanda. Akakaa kitini.

Koleo likainuka. Ngoma ikapasua hewa. Chuma kikaingia mdomoni baridi, kikabana, kikazungusha. Wilf alilia, na hata yeye mwenyewe hakujisikia. Alichosikia kilipita kwenye nyayo. Du. Du. Du. Nyundo yake ikifanya kazi chini ya mbao.

Jino likatoka. Ngoma ikanyamaza. Nyundo nayo kimya.

"Umeona?" daktari aliuambia umati. "Kama kuchuma ua."

"Kuna lingine," Wilf alisema.

La pili likavunjika, likabidi lichimbuliwe. Hilo lilikuwa jema kwa Dob. Ngoma ilidumu. Du, du, du. Wilf alikaza macho mbele. Annis alikuwa amesimama karibu na Enoch, uso mweupe kama unga, mwavuli umefungwa.

Mabovu yakawa yamekwisha.

"Na hili," Wilf alisema, akigusa la pembeni.

Daktari aliinama. Pumzi yake ilinuka pombe. "Hili zima, wewe," alinong'ona.

"Linauma."

Daktari akanyanyua mabega. Jino la bure ni jino la bure, na watu walikuwa wanazidi kusogea.

"Ng'oa yote, Daktari!" mtu alipaza sauti. "Mkewe asipate taabu ya kununua nyama!"

Wakacheka. Koleo likashuka. Jino zima halitoki kama bovu. Linang'ang'ania taya kama mti unavyong'ang'ania ardhi. Wilf alihisi goti la daktari kifuani. Alihisi mfupa ukilia ndani ya kichwa. Kisha akahisi jambo jingine. Nyundo ilikuwa imesimama, na ngoma bado inapigwa.

Amemaliza! Wilf alitafuta mwavuli.

Ulikuwa umefungwa.

Enoch alimwinamia Annis sikioni, akampigapiga bega, akapotea katikati ya watu.

Saa nane na nusu

Wilf alijiambia patasi imevunjika. Alijiambia Dob anahangaika gizani, vidole vinavuja damu, anaomba dakika moja tu. Au nyayo zimekufa ganzi, na nyundo bado inapiga. Shemeji hawezi kwenda bila yeye. Mtu hafanyi hivyo.

"Lingine," alisema.

Safari hii umati haukucheka. Mama mmoja alimfunika mwanawe macho. Daktari Fane naye alianza kulifurahia jambo lile. Alikunja mikono ya shati, akamwonyesha kila mtu koleo likiwa linachuruzika.

La nne likatoka. Mwavuli haukufunguka.

"Lingine."

La tano lilipotoka, Wilf hakuona kitu kwa muda. Dunia iliporudi, katikati ya kofia nyeusi kulikuwa na mwavuli uliofunguliwa. Mvua haikuwapo. Annis aliushika kwa mikono miwili, akilia.

Wilf akainuka. Akatabasamu kwa midomo iliyopasuka. Waliomwona wakasogea nyuma.

"Shujaa!" daktari alipaza sauti. Akachovya pamba kwenye Maji ya Nyika, akamjaza nayo mdomoni. "Onja uhai!"

Wilf akaonja. Pilipili kidogo. Maji ya bomba. Na sukari iliyounguzwa, ileile ambayo wauza pombe walitia kwenye mapipa yake ili pombe dhaifu ionekane kali.

Alisimama hapo na pamba mdomoni.

"Maumivu yamekwisha!" daktari aliwatangazia. "Yule ni mkeo? Mama, njoo. Chupa hii yako, bure, kwa ushujaa wa mumeo!"

Annis aliipokea kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga. Wilf akashuka ngazi, akamshika kiwiko, akatema pamba.

"Dob amemaliza?"

"Sijui." Annis alijifuta machozi. "Enoch alisema nisifungue mpaka arudi. Hakurudi. Wilf, sikuweza kutazama tena. Na Dob alinipita pale nyuma ya farasi, mfuko begani. Nikamwita kwa jina la nyumbani. Hakugeuka."

"Lini?"

Annis akaigeuzageuza chupa mikononi.

"Lini, Annis?"

"Ulipokuwa unang'olewa la tatu."

Kelele zikatoka chini ya jukwaa. Mtunza farasi alitambaa nje akiwa ameinua nyundo juu. Sanduku limepasuliwa. Nyundo ilikuwa imewekwa juu yake, kwa utaratibu, mahali ambapo haingekosa kuonekana. Polisi wa zamu gulioni akasoma chapa iliyochomwa kwenye mpini.

"Ackroyd, fundi mapipa. Ackroyd ni nani hapa?"

Majirani hawakuhitaji kutaja. Walimgeukia wote kwa pamoja.

"Wenzako wako wapi?" Polisi alimpiga kofi kwenye taya lilelile. "Nani alikuwa chini?"

Enoch na Dob wangekimbilia bandarini, na treni ya kwenda Liverpool ilikuwa bado haijaondoka. Neno moja lingetosha. Wilf alimtazama Annis. Yeye Wilf akienda gerezani, Annis angebaki na ndugu mmoja tu duniani, na ndugu mwenyewe ni Dob.

"Nilikuwa peke yangu," akasema.

"Ulikuwa kitini na chini ya kiti kwa wakati mmoja? Basi wewe ndiye mwenye miujiza hapa." Pingu zikafungwa.

Annis aliwafuata mpaka kwenye gari la polisi, akificha kitu ndani ya shali.

"Wilf! Hawakuninyang'anya. Ninayo." Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Ninywe kiasi gani?"

Wilf alimeza damu. Ladha ya sukari ilikuwa bado ulimini.

"Kijiko asubuhi," alisema. "Kijiko jioni."

"Nitapona?"

"Yule mama wa York si alipona?"

Annis akatikisa kichwa kukubali, akaikumbatia chupa. Nyuma yake daktari alikuwa ameshapanda tena jukwaani. Mwizi amechukua fedha, alinguruma, lakini dawa hakuichukua! Nani ana jino?

Koleo likainuka. Gari la polisi likaanza kwenda. Wilf alimwona Annis akijikunja, leso mdomoni, mabega yakitikisika, yakitikisika, lakini hakusikia chochote. Ngoma ilikuwa inapigwa.