Kiti Changu cha Mlangoni

Kwanza niliona doa dogo kwenye kola ya shati jeupe. Nililigusa. Lilikuwa bichi. Yalikuwa mate yangu.

Nilikuwa nimekata uzi kwa meno, na mkasi upo mezani mbele yangu. Sikukumbuka aliyenifundisha. Nilipoanza kazi katika karakana hii ya kushona mashati, nilikata kwa mkasi kila siku.

Niliinua macho. Dada, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa anang'ata uzi. Ndiye aliyenitafutia kazi na kuniwekea kiti ubavuni pake. Rafiki yake, tuliyemwita Kasuku kwa sababu ya maneno yake mengi, naye alikuwa anang'ata uzi. Sisi watatu tulikaa mlangoni. Barabara yote ilikuwa yetu.

"Shati hili mkono mmoja ni mrefu," nilisema.

"Mvaaji atakunja," Dada alijibu.

"Asipokunja je?"

"Basi akanyooshe mkono wa pili!" alidakia Kasuku. Tulicheka mpaka cherehani zikasimama.

Siku hiyo mpiga pasi alinirudishia mashati manne. Mama huyo hukaa nyuma, na ndiye anayekagua kazi zetu.

"Mwanangu," aliniambia, "baada ya miezi miwili tajiri mwenye karakana atachagua mtu mmoja wa kujifunza kukata vitambaa. Unataka?"

Niliitikia kwa kichwa. Nilitaka mno. Lakini mkataji lazima asome kadi ya vipimo, na mimi niliacha shule darasa la nne. Kadi zangu alinisomea Dada.

"Ulipokuja, mishono yako ilinyooka," mpiga pasi alisema. "Sasa nakuta kazi ya mlangoni, naijua hata kabla sijaigeuza."

"Nitajitahidi, mama."

"Jitahidi. Halafu uniambie."

Jumatatu niliapa kutong'ata uzi. Kufika saa nne asubuhi, nilikuwa nimeng'ata mara saba. Nilirudi kwake na aibu yangu.

Hakunicheka. "Si kwamba huna akili," alisema. "Mtu huiga kile anachokiona kutwa nzima, hata asipotaka. Nia peke yake huchoka. Badilisha na mahali. Kaa karibu na mtu anayefanya unachotaka kufanya. Weka mkasi chini ya mkono wako wa kulia. Na kila siku, saa ileile, soma kidogo."

"Na Dada?"

"Ni ndugu yako. Kula naye, cheka naye. Saa ya kazi, kaa na kazi."

Maneno ni rahisi. Kwetu karakanani mtu hahami kiti. Ukihama, watu wanajua mmegombana. Nilikaa siku tatu nzima nikiogopa.

Siku ya nne nilinyanyua kiti. Miguu yake ya chuma ilikwaruza sakafu, na cherehani zote zikanyamaza.

"Bibi harusi, unapelekwa wapi?" Kasuku aliuliza. Watu walicheka.

Dada hakucheka. "Mwache," alisema. "Ametuchoka."

Nilitembea mpaka nyuma, nikaweka kiti kando ya meza ya pasi.

Huko hakuna barabara. Kuna mvuke, na mama mmoja anayelaza kila mshono kwa kidole kabla ya kuupiga pasi. Baada ya wiki mbili na mimi nilikuwa nalaza mishono kwa kidole. Hakuniambia. Niliona tu. Meno yangu yalisahau uzi.

Kila mchana, tukishakula, tulisoma kadi kuukuu. Bega. Kifua. Kiuno. Neno "kiwiko" lilinitesa siku mbili.

"Usiliruke," mama alisema. "Mtu atakosa kukunja mkono."

Dada hakunisubiri tena wakati wa kurudi nyumbani. Alipita mbele na Kasuku, nami nyuma yao, kama mgeni. Mara mbili nilitaka kurudisha kiti. Sikurudisha.

Siku ya kuchagua, tajiri alinipa kadi mpya. Niliisoma mbele ya wote, polepole, kutoka bega mpaka kiwiko. Nilikwama mara moja, nikarudia, nikapita. Kisha alinyanyua shati nililoshona, akapima mikono yote miwili.

"Kesho anza kwenye meza ya kukata," alisema.

Watu walipotoka, Dada alibaki. Alisimama upande wa pili wa meza.

"Hongera," alisema. "Ila uliniaibisha. Nilikosa nini mimi? Si ungesema tu?"

Mimi si mtu wa maneno. Kwa miezi miwili yote nilikuwa nimeyabeba kifuani. Nilishika ukingo wa meza.

"Hukukosa kitu, Dada. Niliogopa kukwambia. Nikikaa karibu na wewe nafurahi kuliko mahali popote. Lakini sikui."