Posa ya Maji Mafu

Asubuhi hiyo gati la Nyamisati lilikuwa limefurika watu. Abiria wa Mafia walisukumana na mizigo yao, magunia ya mpunga yalishushwa, matenga ya kamba yalipandishwa, na wauza maandazi walipiga kelele kushinda mashine za boti. Katikati ya vurugu hiyo, mwalimu Muzdalifa, binti wa Mzee Muhidini wa Kibiti, alikuwa amesimama ukingoni mwa maji. Alivaa dera la kijani na ushungi mweupe kama maziwa, na mkononi alishika ufito alioupaka alama nyekundu kila sentimita kumi.

"Samahani, dada," sauti ikatoka nyuma yake. "Huo ufito unamsubiri nani?"

Akageuka. Alikuwa kijana mrefu, shati lake la bluu limepauka kwa chumvi, macho yakicheka kabla ya mdomo.

"Napima maji yanavyojaa," akajibu. "Nafundisha fizikia. Wanafunzi wangu hawaamini kwamba ni mwezi unaoyavuta."

"Sisi watu wa Salale hatuhitaji ufito. Tukiona kandambili ya mwalimu inaondoka, tunajua yanajaa."

Muzdalifa akatazama chini. Kandambili yake ya kushoto ilikuwa inaelea kuelekea Mafia! Kijana akajitosa mpaka magotini, akaidaka, akamrudishia kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi zawadi. Jina lake Kheri, nahodha wa boti ya abiria.

"Haya, nilipe kwa somo," akasema. "Mwezi ukiyavuta maji, na dunia nayo ikiuvuta mwezi, kwa nini hauanguki?"

"Unaanguka. Kila sekunde unaanguka kuja duniani. Ila unakwenda mbio mno kwa ubavu, kwa hiyo kila ukianguka unaikosa dunia. Ndiyo maana unazunguka tu."

"Masikini mwezi! Miaka yote hiyo anaanguka na hatui?"

"Hatui."

"Basi mimi si mwezi, mwalimu." Akaruka ndani ya boti yake, akawasha mashine. "Mimi nikianguka, natua."

Jamani, binti wa watu alikuwa na shahada yake kabatini, lakini asubuhi ile alisahau kusoma ufito. Alirudi Kibiti na daftari tupu na moyo uliojaa.

Safari iliyofuata walipeana namba, na simu zikaanza. Salale, kijiji cha deltani kisichofikika ila kwa boti, kulikuwa na sehemu moja tu yenye mtandao wa uhakika, juu ya gogo nyuma ya ghala la mpunga, na Kheri aliligeuza gogo lile kuwa makazi.

"Umekula, mwalimu?"

"Nimekula. Wewe je, nahodha?"

"Wali na kamba. Hauna ladha, hukupika wewe."

"Muongo mkubwa! Kamba wa Salale wakose ladha?"

"Nambie basi, dunia na mwezi, ni nani anamvuta mwenzake?"

"Wanavutana. Hakuna anayevuta peke yake."

"Afadhali," Kheri akashusha pumzi. "Nilidhani ni mimi tu."

Miezi minane ikapita hivyo, mpaka Mzee Muhidini akapewa habari. Mzee huyu alifanya kazi miaka thelathini katika ofisi za Utete, kazi yake kuandika nani kafika saa ngapi. Kustaafu alistaafu, saa ya mkono hakuivua.

"Panga siku ya posa wewe mwenyewe," akamwambia binti yake. "Lakini ikishapangwa, haipanguliwi. Na ni saa nne kamili."

Muzdalifa akatazama kalenda ya ofisi ya walimu, akachagua Ijumaa ambayo hakuwa na vipindi. Akampigia Kheri.

"Ijumaa hiyo?"

"Kwani vipi?"

"Hakuna kitu, roho yangu. Ukisema wewe, tunakuja."

Hapo ndipo mapenzi yanapompumbaza mtu. Kheri alikuwa na neno la kusema, akalimeza.

Ijumaa ikafika. Pilau lilinukia hadi barabara kuu, mikeka mipya ilitandikwa, udi ukafukizwa. Muzdalifa alivaa gauni la zambarau, hina imemkolea mpaka vidoleni. Saa nne ikafika, hakuna mtu. Saa tano, hakuna mtu. Kila akipiga simu, namba haipatikani. Wanaume wakaenda swala ya Ijumaa na kurudi, pilau likapoa, na kila baada ya dakika chache Mzee Muhidini aliinua mkono na kusoma saa yake. Ilipogonga kumi, akavua kofia.

"Mtu anayechelewa kuposa atawahi nini? Jina hilo lisitajwe tena ndani ya nyumba hii."

Bi Mwanamina, mama yake Muzdalifa, akaanza kufunika masufuria ya pilau.

Magharibi simu ikalia. Muzdalifa akakimbilia nyuma ya nyumba, chini ya mikorosho.

"Muzda, tulikwama mferejini, katikati ya mikoko. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, watu tisa, tukakaa juu ya matope mpaka saa nane. Wazee wamechafuka mwili mzima. Ningewaletaje kwa baba yako vile? Tukarudi."

"Nahodha mzima unakwama? Leo ndiyo siku ya kukwama?"

"Kwani hukujua?" Sauti ya Kheri ikawa na makali ambayo hakuwahi kuyasikia. "Shangazi anasema ulijua. Mwalimu wa mwezi na maji akosaje kujua? Anasema ulituitia siku ile ili tusifike."

"Ati nini? Mimi niliyeamka usiku kuchambua mchele? Basi msije tena, Kheri! Msije kabisa!"

Akazima simu. Akalia kwa kwikwi, na kupitia machozi akaona nusu ya mwezi imening'inia juu ya mikorosho. Akaupa kisogo.

Jumatatu aliingia Kidato cha Tatu macho yamemvimba, akachora dunia ubaoni.

"Mwezi unayavuta maji ya upande unaouelekea, yanavimba. Na upande wa pili wa dunia yanavimba pia, kwa sababu huko mwezi uko mbali na mvuto wake ni dhaifu, maji yanabaki nyuma. Ndiyo maana maji yanajaa mara mbili kwa siku." Akachora jua. "Jua nalo linavuta. Jua, dunia na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja, mwezi mchanga au mpevu, vinavuta pamoja, tunapata bamvua, maji yanajaa kupita siku zote. Lakini mwezi ukiwa nusu, jua linavutia huku, mwezi unavutia kule, kila mmoja anampunguzia mwenzake. Maji hayajai vya kutosha. Hayo ndiyo maji ma…"

Chaki ikasimama. Nusu mwezi. Ijumaa, juu ya mikorosho!

"Mwalimu, vipi?" darasa likauliza.

"Nimejifelisha mwenyewe," akasema, na chaki ikamdondoka.

Jioni alimkuta baba yake sebuleni, akaweka mezani nazi, ndimu na kandili.

"Baba, nazi ni dunia, ndimu ni mwezi, kandili ni jua."

"Na mimi ni nani, mjinga?" Lakini akasogeza kiti. Alisikiliza mpaka mwisho, akaizungusha ndimu mwenyewe mara mbili. Kisha akauliza swali moja tu. "Walitoka kwao saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri, baba."

Mzee akairudisha ndimu mezani. "Basi hao hawakuchelewa. Hao walikwama." Kwa mtu wa daftari la mahudhurio, hayo ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa. "Wape siku ya pili. Ya tatu haipo. Na safari hii, piga hesabu."

Simu ya Kheri haikupatikana siku tatu. Alhamisi Muzdalifa akaomba ruhusa shuleni, akapanda boti ya nahodha mwingine hadi Salale, kiti kigumu. Alimkuta Bi Mwamini, shangazi yake Kheri, akianika kanga zilizogoma kutakata.

"Hodi. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwalimu wa maji." Hakugeuka. "Huku kwetu hakuna anayealika watu siku za maji mafu. Mifereji haipitiki. Ukimwalika mtu siku hiyo, umemwambia kwa adabu abaki kwake. Sisi tulielewa. Ni yule mtoto alituburuza, eti mwalimu ananipenda."

Muzdalifa akapiga magoti palepale, baibui na vyote.

"Nilitazama kalenda ya ukutani, shangazi, sikutazama juu. Nafundisha wengine, mwenyewe sikujua hata mnaalikanaje. Nimekosa. Nisameheni."

Bi Mwamini akageuka. Akamtazama, kisha mdomo ukaanza kumcheza. "Ungemwona Abubakary, baba yake mdogo! Tope kiunoni, barua ya posa kichwani, anapiga dua!" Akacheka mpaka akashika kamba ya nguo.

Kheri akatokea nyuma ya nyumba, mikono imejaa oili, akasimama ghafla.

"Kwa nini hukuniambia siku haifai?" Muzdalifa akauliza.

"Niliogopa utadhani sikutaki. Halafu ukasema tusije. Nikaona bora nisipande tena gogoni."

"Na kama nikisema njooni Jumapili? Siku ya pili baada ya mwezi mpevu."

"Bamvua lenyewe hilo."

"Na kubwa kuliko kawaida. Njia ya mwezi si duara kamili, kuna siku uko mbali, kuna siku uko karibu. Jumapili utakuwa karibu. Ukikaribia, unavuta zaidi."

"Hata mimi," Kheri akasema, akipiga hatua mbele.

Bi Mwamini akakohoa kwa nguvu.

Jumapili, saa tatu na dakika arobaini, honi zikalia nje ya nyumba ya Kibiti. Mzee Muhidini alikuwa bado na msuli na fulana.

"Wamewahi! Mama Muzda, kanzu yangu! Watu hawa wamewahi!"

Waliingia kwa vigelegele, Bi Mwamini mbele na kanga mpya, Mzee Abubakary nyuma yake na sinia. Juu ya sinia kulikuwa na barua, kitambaa chake cheupe kina doa kubwa la tope.

"Tulitaka kubadilisha kitambaa," Mzee Abubakary akasema. "Kheri akakataa. Kasema mkwe aone tulianza safari lini."

Mzee Muhidini akaligusa lile doa kwa kidole. Kisha, mbele ya wote, akafungua mkanda wa saa yake, akaitia mfukoni, akaipokea barua kwa mikono miwili.

"Siku ya ndoa," akasema, "atapanga mwalimu. Akiwa amekwisha kuutazama mwezi."

Vigelegele vikapasua bati. Muzdalifa alikuwa kizingitini mwa mlango wa ndani, ushungi umemfunika nusu ya uso, machozi na kicheko vimechanganyika. Kheri akapita karibu yake na viatu mkononi.

"Mwalimu," akanong'ona.

"Abee, nahodha."

"Nimetua."